Nyumba Njema Si Mlango: Tuzuru Nyumba za Ulaya kwa Jicho Lipi?

Wahenga waliponena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, walikuwa wakitutahadharisha dhidi ya kumpima mja kwa sura yake ya nje. Methali hii aghalabu hutumika kimafumbo, hususan panapozungumziwa posa na usuhuba. Katika makala haya nanuia kuirejesha kwenye maana yake ya wazi kabisa, yaani nyumba yenyewe pamoja na kuta, dari, madirisha na samani zake. Nitaijadili desturi ambayo imeota mizizi miongoni mwetu: ile ya kuzuru nyumba maridadi za Ulaya ili kuvuna mawazo ya kupamba nyumba zetu.

Wanaozuru kwa miguu ni wachache, kwani viza na nauli ya ndege si mchezo. Wengi wetu hutembea kwa macho. Hapo awali tulipekua majarida ya rangi yaliyouzwa kando ya barabara. Leo hii tunapitisha kidole kwenye simu na kuingia katika sebule ya Stockholm kabla ya kulala. Matokeo ni yale yale. Mwenye nyumba humwendea fundi, akamwonyesha picha na kumwambia, "Fundi, nataka hivi." Fundi naye hujibu, "Sawa, mzee," kisha kazi ikaanza. Hakuna aliyeuliza kwa nini chumba kile cha Ulaya kilipakwa rangi ile, wala kwa nini dirisha lile likawa na upana ule. Neno moja dogo, "hivi", limebebeshwa mradi mzima na akiba ya miaka mingi.

Msimamo wangu ni huu. Ziara hizi zina manufaa makubwa, na anayezikejeli kwa sababu tu ni za Ulaya anajinyima elimu. Hata hivyo, kitu kinachostahili kubebwa kutoka katika nyumba ya mwenzio ni sababu iliyoifanya iwe jinsi ilivyo. Sura ikitenganishwa na sababu yake hugeuka mzigo. Na sababu haibebeki kwa kidole wala kwa picha; hubebwa kwa maneno. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika, apende asipende.

Weupe wa Sundborn na udongo wa Thika

Tuanze na nyumba ambayo sura yake imeigwa na watu wengi wasiolijua hata jina lake. Katika kijiji cha Sundborn, karibu na mji wa Falun nchini Uswidi, ipo nyumba ya mbao iitwayo Lilla Hyttnäs. Mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin, ambaye pia alisomea uchoraji, waliipata mwaka wa 1888 kutoka kwa babake Karin. Waliipanua na kuibadilisha kidogo kidogo huku wakilea watoto wao. Carl alivichora vyumba vyake kwa rangi za maji, na mwaka wa 1899 michoro hiyo ikatolewa katika kitabu kiitwacho Ett hem, jina ambalo kwa Kiswahili tungelifasiri kama "Maskani". Karin naye alifuma vitambaa, akatarizi matandiko na kubuni samani. Katika enzi ambapo nyumba za wenye nazo zilijaa mapazia mazito na samani za rangi ya giza, wawili hawa walipaka rangi nyeupe, nyekundu na kijani, wakayaacha madirisha wazi na kuyapanga mimea. Wengi huitaja nyumba hii kuwa chimbuko la mtindo wa Kiswidi ambao leo huuzwa na maduka makubwa ya samani kote ulimwenguni. Bado imo mikononi mwa kizazi chao, na wageni huizuru wakiongozwa.

Kwa nini ndani yake pakawa na rangi nyepesi na madirisha yasiyozibwa? Sundborn iko kaskazini mno. Mwezi wa Desemba jua huko huonekana kwa muda usiotimia saa 6 kwa siku, nalo hutambaa karibu na upeo wa macho. Nuru ni kitu adimu. Ukuta mweupe na dirisha lililo wazi ni njia za kuidaka nuru hiyo haba na kuirudisha chumbani kabla haijapotea. Urembo wa nyumba ya akina Larsson umetokana na shida, na shida yenyewe ni ya mahali pale.

Sasa tuichukue picha ile tuilete Thika au Machakos, ambako mchana hudumu takriban saa 12 mwaka mzima. Nuru tunayo hata ya kusaza. Sebule nyeupe yenye dirisha pana linaloelekea magharibi hugeuka tanuri ifikapo saa 10 alasiri, na mwenye nyumba hulazimika kununua pazia zito kuliko lile alilolikimbia. Zulia jeupe nalo hukutana na udongo mwekundu mlangoni, na mshindi wa pambano hilo anajulikana hata kabla ya msimu wa mvua.

Sisemi kwamba weupe ni haramu kwetu. Majumba ya mawe ya Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, yamepakwa chokaa nyeupe tangu jadi. Lakini Lamu ilikuwa na hoja yake. Kuta zilikuwa nene, madirisha ya upande wa njia machache, na nuru iliingia kwa kipimo kupitia ua wa ndani unaoitwa kiwanda. Chumba cha nyuma kabisa kilikuwa na kiza, na weupe wa lipu ulikisaidia kuonekana bila kukiruhusu kipate joto. Sundborn weupe huikusanya nuru kwa sababu ni haba; Lamu huigawa kwa sababu nje imezidi. Anayetazama picha mbili hizo bila maelezo ataona rangi moja tu na kudhani ameelewa.

Bawaba za London, viambaza vya Utrecht

Nyumba ya pili iko London, katika uwanja wa Lincoln's Inn Fields. Ilikuwa makao ya Sir John Soane, msanifu majengo aliyebuni Benki ya Uingereza ya zama zake. Mwaka wa 1833 alifaulu kupata sheria ya Bunge iliyoagiza kwamba nyumba na hazina zake zihifadhiwe kama angeziacha, naye akaaga dunia mwaka wa 1837. Anayeingia humo hukuta vioo vya kujitazamia vimepachikwa mahali pasipotarajiwa, na madirisha ya paani yenye vioo vya manjano, ambayo huupa mwanga hafifu wa London rangi kama ya jua la Italia. Kipo pia chumba kidogo cha picha ambacho kuta zake zina bawaba. Ukuta hufunguliwa kama mlango wa kabati, na nyuma yake zimo picha nyingine. Kwa mbinu hiyo chumba kidogo kimeweza kubeba picha zaidi ya 100.

Mtalii wa sura hutoka humo akitamani kujaza sanamu za Kigiriki sebuleni kwake. Mtalii wa sababu hutoka na swali: ukuta mmoja unawezaje kufanya kazi mbili? Swali hilo si la matajiri peke yao. Linamfaa mwanafunzi anayepanga chumba kimoja Kahawa, ambamo kitanda, jiko, vitabu na mgeni wa ghafla hugombania mita chache za sakafu. Soane hakuwa maskini, lakini tatizo lake lilikuwa letu: vitu vingi, nafasi ndogo.

Nyumba ya tatu, iliyoko Utrecht nchini Uholanzi, inalisukuma wazo hili mbele zaidi. Ilijengwa mwaka wa 1924 kwa ajili ya Bi. Truus Schröder, mjane aliyekuwa na watoto watatu. Aliibuni kwa ushirikiano na Gerrit Rietveld, aliyekuwa amejipatia sifa kama fundi wa samani. Mama huyu alitaka watoto wakue karibu na mazungumzo ya watu wazima badala ya kutengwa nayo. Basi ghorofa ya juu ikajengwa bila kuta za kudumu. Mchana viambaza husukumwa kando, pakawa ukumbi mmoja. Usiku huvutwa, na vyumba vya kulala vikapatikana. Pembe moja ya nyumba ina madirisha ambayo yakifunguliwa, pembe yenyewe hutoweka, na aliye ndani hujiona kama aliye nje. Bi. Schröder aliishi humo hadi alipofariki mwaka wa 1985, na mwaka wa 2000 nyumba ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Kinachoigwa sana kutoka katika nyumba hii ni rangi zake: vibao vyekundu, vya buluu na vya manjano juu ya weupe na kijivu. Rangi hizo ni nzuri, lakini kiini cha nyumba ni uamuzi wa mama kuhusu malezi. Kwanza paliulizwa familia hii inaishije, ndipo pakaulizwa kuta ziwe wapi. Ni wangapi kwetu huanza hivyo? Tunajenga ukumbi mkubwa wa wageni ambao hufunguliwa siku ya posa na siku ya matanga, ilhali watoto wanafanyia kazi za shule kwenye meza ya jikoni.

Upo mkasa mmoja wa nyumba hii ambao sisi wanalugha hatupaswi kuupita. Ghorofa isiyo na kuta ilikuwa na utata mbele ya kanuni za ujenzi za wakati huo. Kwa hivyo, katika michoro iliyowasilishwa kwa wakuu wa mji, ghorofa hiyo haikuitwa makao. Iliitwa dari, mahali pa juu pa kuwekea vitu. Nyumba inayosifiwa leo ulimwengu mzima ilipata kibali kwa sababu ya uteuzi wa msamiati. Nani basi atathubutu kusema kwamba ujenzi ni wa mawe na saruji pekee?

Ulaya nayo iliazima

Wapo watakaouliza: mbona tujisumbue na Ulaya ilhali tuna yetu? Mwacha mila ni mtumwa. Hoja hii ina mashiko, nami naiheshimu. Hata hivyo, inasahau kwamba nyingi za nyumba hizo za Ulaya ni matokeo ya ziara za Wazungu katika nchi za watu wengine.

Chukua mfano wa nyumba ya mchoraji Frederic Leighton iliyoko magharibi mwa London. Kuanzia mwaka wa 1877 hadi 1881 Leighton aliiongezea chumba kinachojulikana kama Ukumbi wa Kiarabu. Kuta zake zimefunikwa vigae vya kale, vingi vikiwa vya kutoka Damascus. Katikati pana chemchemi ndogo. Madirisha yamewekewa mashubaka ya mbao. Na umbo la ukumbi limefuata mfano wa kasri la La Zisa lililoko Palermo, kisiwani Sicily. Miongoni mwa waliomsaidia kutafuta vigae ni rafiki yake Richard Burton, yule yule msafiri aliyepitia pwani yetu na kufika Ziwa Tanganyika mwaka wa 1858. Kwa hiyo Mkenya anayeuzuru ukumbi huo na kurudi na picha ya "mtindo wa London" anarudi na Damascus na Sicily kwa njia ya mzunguko.

Juu ya kuta hizo pana maandishi ya Kiarabu yenye aya za Kurani. Sidhani kwamba wengi wa wageni walioalikwa karamu za Leighton waliweza kuyasoma. Kwao yalikuwa nakshi: mistari inayopendeza macho. Mtoto wa Lamu au Mombasa aliyesoma chuoni angeingia humo na kuukuta ukuta ukizungumza. Jambo hili lina funzo la pande mbili. Kwanza, ugonjwa wa kubeba sura na kuacha maana hauna kabila wala bara. Ulaya ya karne ya 19 iliugua pia. Pili, anayesoma lugha huona zaidi ya anayetazama tu, hata akiwa mgeni na mwenzake ni mwenyeji.

Sisi nasi tuliazima zamani sana. Katika majumba ya Lamu, ukuta wa chumba cha ndani ulitobolewa safu kwa safu za vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe, vikanakshiwa kwa lipu ya chokaa. Ndani ya vidaka hivyo viliwekwa vyombo vya thamani, zikiwemo sahani na bakuli za kauri zilizovuka bahari kutoka China. Hapa ningependa msomaji atue kidogo. Mwenye nyumba wa Lamu aliipenda sahani ya Kichina, lakini hakuvunja nyumba yake ili ajenge ya Kichina. Alitengeneza tundu lenye kipimo ndani ya ukuta wake mwenyewe, akaipa sahani mahali pa kukaa. Huo ndio uazimaji ninaoutetea. Lugha yenyewe hufanya vivyo hivyo: neno "sahani" lilitoka ugenini, likapewa ngeli, likakubaliana na vitenzi vyetu, na leo hakuna anayelidai nauli ya kurudi kwao.

Ni nani aliyelipa?

Lipo swali ambalo waongozaji wa ziara hawapendi kulijibu bila kuulizwa. Mwaka wa 2000 UNESCO iliziorodhesha nyumba nne za mjini Brussels zilizobuniwa na Victor Horta, ikiwemo ile iliyokuwa makao yake mwenyewe, iliyojengwa kati ya 1898 na 1901. Katika nyumba hizo chuma hupinda kama mtambaa, na nuru hushuka kutoka paa la kioo kupitia ngazi hadi katikati ya jengo. Sababu yake inaeleweka. Viwanja vya Brussels ni vyembamba na nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, hivyo katikati ya nyumba hakuna nuru isipotoka juu. Anayejenga katika kiwanja chembamba Eldoret au Nakuru, akiwa amebanwa na majirani pande mbili, ana la kujifunza kwa Horta kuliko kwa jumba lolote lililosimama peke yake katikati ya bustani.

Lakini moja kati ya nyumba hizo nne ilijengwa kwa ajili ya Edmond van Eetvelde, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa Dola Huru ya Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Dola hiyo ilidumu kuanzia 1885 hadi 1908, na historia imehifadhi ushahidi wa ukatili uliotendewa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu. Mwaka wa 1897, katika maonyesho yaliyofanyika Tervuren karibu na Brussels, wachongaji wa Ubelgiji walionyesha sanamu zilizochongwa kwa pembe zilizotoka Kongo. Mtindo ule wa mistari inayopinda ulikua na kushamiri katika mazingira hayo hayo. Kongo ninayoizungumzia ni nchi ambayo leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake 4 za taifa. Je, msemaji wa Kiswahili anaweza kusimama chini ya kioo kile, akasifu mpindo wa ngazi na kwenda zake, bila kuuliza utajiri wa mwenye nyumba ulitoka wapi?

Simaanishi kwamba tuzisuse nyumba hizo au tufumbe macho tukipita. Nuru inayoshuka katikati ya nyumba ni maarifa, na maarifa hayana kosa. Namaanisha kwamba maelezo ya nyumba yasiyotaja gharama yake kwa wengine hayajakamilika. Haki iwe kwa wote: nasi tunapoyasifu majumba ya mawe ya pwani yetu, tukumbuke kwamba yalikuwa ya matajiri, na kwamba katika mengi yao kazi ilifanywa na watumwa ambao majina yao hayakuandikwa ukutani. Nyumba njema si mlango, na wakati mwingine ukiingia ndani utakuta usilolipenda.

Pingamizi mbili

Nimewahi kusikia wenzangu wakidai kwamba maswali yote haya ni kumchosha mtu bure. Uzuri ni uzuri, wanasema. Akiupenda mto wa kochi wa Kifaransa na aununue, amani iwepo. Nakubali. Mto wa kochi hauhitaji falsafa. Foronya, chungu cha maua na picha ya ukutani ni vitu vya kujaribu. Visipofaa huhamishwa au hupewa jirani. Dirisha halihamishiki. Ukuta haupewi jirani. Kwa kadiri kitu kinavyokuwa kigumu kubadilishwa, na kwa kadiri mkopo wake unavyochukua miaka mingi kulipwa, ndivyo inavyopasa kuulizwa kwa nini kabla ya kusema "hivi".

Pingamizi ya pili ni ile niisikiayo mara kwa mara, hata katika kumbi za mihadhara: kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuyaeleza haya. Msomaji mpenzi, umekwisha kupita katika nyumba tano za Ulaya, na makao kadhaa ya nyumbani, kwa Kiswahili. Umekutana na bawaba, kiambaza, kidaka, lipu, kigae, dari na kiwanda. Maneno haya yamo kamusini, na mengi yamo vinywani mwa wazee wa pwani. Palipo na pengo, tumwendee fundi. Yeye husema taili, plasta na vanishi, na watu humwelewa. Kazi ya msomi ni kuyasikiliza maneno hayo, kuyapanga kando ya yale ya kamusi, na kuonyesha lipi linatumika wapi. Upungufu uliopo ni wa waandishi. Tumeandika tahakiki nyingi za riwaya ambazo wahusika wake huingia na kutoka katika nyumba, lakini ni wangapi kati yetu wameieleza nyumba moja kikamilifu kwa kurasa mbili?

Kazi iliyo mbele yetu

Kwa kutamatisha, napendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, wahadhiri wetu wanaofundisha utungaji, tafsiri na ukuzaji wa istilahi wawape wanafunzi kazi ya kuieleza nyumba. Kila mwanafunzi achague nyumba moja ya Ulaya ambayo picha na ramani zake zinapatikana, na nyingine ya kwao: manyatta, nyumba ya udongo ya nyanyake, jumba la mawe la Lamu, au chumba cha kupanga karibu na chuo. Aziulize zote mbili maswali manne. Nuru na hewa zinaingilia wapi? Ni nani wanaoishi humu na wanafanya nini kuanzia alfajiri hadi usiku? Ilijengwa kwa vifaa gani, na vifaa hivyo viliamua nini? Ni nani aliyelipa, kwa fedha au kwa jasho?

Swali la vifaa halihitaji safari ya mbali. Wajenzi wa Lamu walitegemea boriti za mikoko kubeba sakafu ya juu, na boriti hizo hazikuvuka zaidi ya takriban mita 3. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataitazama nyumba ya Sundborn na kuuliza maswali ya mbao za Uswidi, kisha ataitazama sebule ya shangazi yake na kuuliza kuhusu saruji na nondo. Hapo ziara imezaa matunda.

La pili, chama chetu kikusanye msamiati wa nyumba kutoka kwa mafundi wa ujenzi, maseremala, wapaka rangi na washonaji wa mapazia. Tuwafuate kazini badala ya kungoja waje kwenye makongamano yetu. Pamoja na orodha ya maneno ya kamusi, tutakuwa na kijitabu ambacho mwenye nyumba anaweza kukishika anapozungumza na fundi wake. Badala ya kunyoosha kidole kwenye picha, aweze kusema: nataka kiambaza cha kusukuma hapa kwa sababu mchana watoto hucheza na usiku mgeni hulala, nataka dirisha hili liwe dogo kwa sababu jua la alasiri huligonga moja kwa moja. Sentensi kama hizo zina "kwa sababu" ndani yake. Fundi anayeisikia sababu anaweza hata kupendekeza njia bora, na ya bei nafuu, kuliko ile iliyo pichani.

La tatu, jarida hili litenge nafasi katika kila toleo kwa maelezo ya nyumba moja. Nyumba ya Soane iwemo, na ya Bi. Schröder, na ya akina Larsson. Ziwemo pia zile ambazo hakuna mtalii aliyewahi kuzilipia kiingilio. Wasemao usiache mbachao kwa msala upitao hawakukataza kuutazama msala. Walichosema ni kwamba mtu aujue mkeka wake kwanza. Kwa sasa, wengi wetu hatuujui vyema mbacha wala msala, kwa maana hatujawahi kuueleza wowote kati ya hiyo miwili kwa maneno yetu.

Kalamu naitua hapa, nikitaraji kwamba mwenzangu mmoja ataichukua na kutuandikia, kwa toleo lijalo, jinsi nuru inavyoingia katika nyumba aliyozaliwa.